Mahamri, mbaazi na ugomvi wa mataifa: nani anaamua Mpwani ale nini?

UZI. Ni mrefu, kaa na chai yako.

1/ Kila unga ukipanda bei, mjadala wetu wa siasa unarudi palepale. Upande mmoja unasema: wananchi wabadilishe tabia ya kula, muhogo upo, mtama upo, waache kuzoea mkate. Upande wa pili unajibu: fungeni mipaka, chakula cha nje kinamuua mkulima wetu. Mimi nasoma sayansi ya siasa na ni mtoto wa pwani hii ya Kilifi, kwa hivyo kauli hizi nazisikia darasani na nazisikia barazani. Zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zinasahau historia. Sitataja chama wala mwanasiasa wa leo. Tuangalie hoja zenyewe.

2/ Tuanze na sahani. Muulize mtu wa Malindi, Watamu au Takaungu chakula chetu cha asubuhi ni nini, atakwambia mahamri na mbaazi za nazi, na chai pembeni. Sawa. Sasa hebu tuihesabu hiyo sahani. Unga wa ngano: Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Mafuta ya kukaangia: mengi ni ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Sukari: kuna ya ndani, kuna ya nchi za COMESA. Mbaazi: zinalimwa kwetu, lakini bei yake ina mwenyewe, na mwenyewe yuko India. Chai: ni ya Kenya, ila ina mkataba wa kimyakimya na mchele, tutafika huko. Nazi peke yake ndiyo unaweza kusema ni ya hapa bila kuongeza neno.

3/ Wengine wakisikia hivyo wanasema: "Unaona? Ukoloni umetuharibia mlo." Polepole kidogo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika kuhusu miji ya pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba Malindi ilikuwa na chakula tele: mchele, mtama, na ngano kiasi. Na hiyo ngano, anasema, ililetwa kutoka Cambay, yaani Gujarat, India. Yaani miaka 500 iliyopita Mmalindi alikuwa tayari anakula ngano ya meli. Kula cha nje si ugonjwa mpya. Ni kazi ya mji wa bandari.

4/ Tofauti iko wapi basi? Iko kwenye nguvu ya kujadiliana. Malindi ya wakati ule ilinunua ngano na vitambaa huku ikiwa na vyake vya kuuza: pembe, nta, na dhahabu iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Ilichagua marafiki kwa hesabu. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498, Mombasa ilikuwa imempokea vibaya. Malindi, hasimu wa Mombasa, ikampokea vizuri na kumpa rubani wa kumfikisha India. Ule haukuwa ukarimu mtupu. Ilikuwa siasa ya biashara.

5/ Hesabu hiyo ilikuja kugeuka. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, wakahamishia nguvu zao Mombasa, na ukoo uliotawala Malindi ukaenda nao. Biashara ikaufuata ulinzi. Mji ukadhoofika hadi ukabaki magofu. Somo la kwanza la uzi huu: mji unaweza kuwa na mashamba mazuri na bado ukafa njaa ya kisiasa, ikiwa njia ya biashara imepelekwa kwingine na watu wasioishi pale.

6/ Malindi ilifufuliwa 1861, na aliyeifufua ni Sultani Majid wa Zanzibar. Kwa nini alitaka Malindi? Kwa sababu Unguja na Pemba zilikuwa zimegeuka visiwa vya karafuu. Karafuu ililipa kuliko mtama, basi watu wakapanda karafuu na kununua chakula. Mwanauchumi atakwambia hiyo ni akili: zalisha kinachokulipa, nunua kilichobaki. Sawa kabisa kwenye karatasi. Lakini chakula cha kununua lazima kilimwe mahali. Sehemu kubwa ililimwa Malindi.

7/ Na kililimwa na nani? Watumwa. Miaka ya 1860 hadi 1880 mashamba ya Malindi yalitoa mtama na ufuta kwa wingi, majahazi yakapeleka Zanzibar na kusini mwa Arabuni. Mwanahistoria Frederick Cooper ameyaeleza haya kwa kina katika kitabu chake cha 1977 kuhusu utumwa wa mashamba pwani ya Afrika Mashariki. Sisi leo tunapenda kusema kwa fahari kwamba Malindi ilikuwa ghala la nafaka. Ilikuwa kweli. Lakini tukitaja ghala bila kutaja mikono iliyolijaza, tunasimulia nusu.

8/ Hapo ndipo napenda kumjibu anayesema "zamani tulijitegemea kwa chakula". Nani alijitegemea? Mwenye shamba aliuza Arabuni. Mla wali wa Unguja alikula cha bei nafuu. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu kuna mtu hakulipwa. Ukiona chakula rahisi mahali popote duniani, uliza kwanza ni nani aliyebeba gharama yake.

9/ Pembeni ya mashamba hayo walikuwepo wakulima huru: Wagiriama. Karne ya 19 walisambaa kuelekea kaskazini hadi ng'ambo ya mto Sabaki, wakalima nafaka na kuwauzia wafanyabiashara wa pwani. Hawa ndio mfano wetu halisi wa mkulima mdogo aliyeshiriki biashara ya kimataifa bila kulazimishwa: alikula kwanza, ziada akauza.

10/ Kisha zikaja sheria mbili mfululizo. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya. Wamiliki wakalipwa fidia, waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani: anayedai shamba alete madai yake. Waliojua ofisi na karatasi walipata hati. Wamijikenda wengi na waliokuwa watumwa walikosa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Neno "skwota" unalolisikia kila uchaguzi Kilifi na Malindi lina mzizi hapa. Na ni suala la chakula pia: mtu asiye na hakika na shamba hapandi mnazi, maana mnazi unangoja miaka. Anapanda cha msimu mmoja, au anatafuta kibarua na kununua unga.

11/ Mwaka 1913 na 1914 serikali ya kikoloni ilitaka Wagiriama watoe kodi na vibarua wa mashamba ya walowezi na kazi za serikali. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadori wakaongoza watu kukataa. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa. Wagiriama wakatozwa faini, wakafukuzwa kaskazini ya Sabaki, kulekule kwenye mashamba mazuri ya nafaka. Shuleni tunafundishwa kama hadithi ya ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini isome tena kama hadithi ya uchumi: mkulima aliyekuwa na ziada ya kuuza hana sababu ya kwenda kibarua. Ukitaka kibarua chake, mharibie kwanza ziada yake.

12/ Baada ya hapo sima ya mahindi meupe ikazidi kutawala nchi nzima. Mahindi yenyewe asili yake ni Amerika, yakafika kwetu zama za Wareno. Hata jina tulilolipa linaonyesha tuliona ni kitu cha kuja kwa bahari. Lakini kwa nini meupe? Sehemu ya jibu ni soko la London: viwanda vya wanga vilipendelea mahindi meupe, walowezi wa bara wakayalima ili wauze huko, na vibarua wakalipwa posho ya hayo hayo. Baada ya vizazi viwili tukaapa kwamba sima ya njano si chakula cha watu. Ladha tunayoitetea kama utamaduni ina alama ya kiwanda cha ng'ambo.

13/ Vita vya pili vya dunia vikaonyesha upande mwingine. Mwaka 1942 Japani iliiteka Burma, na Burma ndiyo iliyokuwa ikilisha mchele nchi nyingi za Bahari ya Hindi. Zanzibar, iliyoishi kwa mchele wa meli, ikabanwa. Chakula kikaingia kwenye mgao. Mtu wa Ng'ambo au wa Pemba hakuwa na ugomvi wowote na Japani. Ndio maana ya fahali wawili kupigana, na nyasi ndizo huumia.

14/ Turudi Kilifi. Miaka ya 1970 mjini Kilifi kulijengwa kiwanda cha korosho. Miaka ya 1990 kikafungwa. Hapa kuna jambo ambalo mjadala wa "kula chako" huliruka. Korosho si chakula cha kila siku cha mkulima. Ni pesa yake ya unga. Kiwanda kikifa, mlo wa nyumbani unabadilika, hata kama hakuna mtu aliyebadilisha tabia. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe nchini. Nia inaeleweka. Lakini marufuku bila viwanda vya kutosha kushindania korosho hizo humwachia mkulima wanunuzi wachache zaidi.

15/ Sasa tuje miaka yetu. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi zote mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano, na Kenya ilikuwa ikinunua kwao. Bei ikaruka. Aprili mwaka huohuo Indonesia ikafunga mauzo ya mafuta ya mawese kwa wiki kadhaa ili kutuliza bei kwao nyumbani. Mei, India ikazuia ngano yake. Miezi mitatu, milango mitatu. Na hapa Ganze na Magarini kulikuwa na ukame mkali, kwa hivyo ushauri wa "limeni chenu" ulikuwa unamfikia mtu ambaye mvua ilikuwa imemkimbia.

16/ Muuzaji wa mahamri anafanya nini katika hali hiyo? Ana njia mbili. Apandishe bei, wateja wapungue. Au aache bei ilivyo na kupunguza donge. Wengi wetu tuliila hiyo ya pili. Ile hamri iliyopungua ndiyo habari ya vita iliyokufikia bila kufungua redio. Wala haikuwa kosa lake wala tabia yako.

17/ Mbaazi zinafundisha kinyume chake. Agosti 2017 India, mlaji mkubwa wa mbaazi duniani, iliweka kikomo cha kiasi cha kuagiza kwa sababu wakulima wake walikuwa na mavuno mengi. Tanzania, Msumbiji na Malawi, waliokuwa wamepanda kwa kutegemea soko hilo, bei ikawaangukia vibaya shambani. Mwaka 2021 India ikafungua tena. Mlaji wa mbaazi za nazi anaweza kufurahi bei ikishuka. Mkulima wa Mtwara analia siku hiyohiyo. Kwa hivyo mtu akisema "chakula kishuke bei", muulize: kishuke kwa hasara ya nani?

18/ Sasa ule mkataba wa chai na mchele niliouahidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje, na kwa mchele ni asilimia 75. Lakini Kenya imekuwa ikiomba ruhusa maalum ya kutoza asilimia 35. Kwa nini? Kenya haizalishi mchele wa kuitosha, na Pakistan inatuuzia mwingi. Na Pakistan hiyohiyo ndiyo imekuwa mnunuzi mkubwa zaidi wa chai yetu. Tukiubana mchele wao, tunaogopa waibane chai yetu.

19/ Fikiria maana yake. Wali wa nazi unaoliwa Malindi, mpunga wa Mwea, na kikombe cha chai cha Karachi vimefungwa kwa kamba moja. Mkulima wa Mwea angependa asilimia 75. Mchumaji chai wa Kericho angependa 35. Tanzania, inayolima mpunga mwingi na ingependa kutuuzia, inaona tunaiacha jirani na kwenda ng'ambo. Na mlaji wa Pwani, ambaye wali kwake si anasa ya sikukuu, hajaulizwa. Kila mmoja ana hoja halali. Hicho ndicho kinachoitwa siasa. Si wema dhidi ya ubaya.

20/ Hata majirani tunagombana. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, aflatoksini. Siku chache baadaye ikalegeza na kuweka masharti. Sumu ile ni hatari ya kweli, imeua watu nchini mwetu. Lakini mahindi ya kwetu nayo hupata kuvu hiyohiyo, ndiyo maana majirani wakashuku ni ulinzi wa soko uliovaa koti la daktari. Inawezekana yote mawili yakawa kweli kwa pamoja, na hapo ndipo mijadala ya televisheni hushindwa, maana inataka jibu moja.

21/ Uchumi wa mlo wa mtu mmoja unasemaje? Kwanza, kuna kanuni ya Ernst Engel ya 1857: kadiri familia inavyokuwa maskini ndivyo sehemu ya pato inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Ngano ikipanda kidogo, tajiri anakunja uso, maskini anaruka mlo. Pili, bei si ile ya dukani tu. Mtama unataka kutwangwa, muhogo unataka kumenywa na kuni za kutosha. Mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kibarua hanunui mkate kwa sababu anadharau muhogo. Ananunua muda.

22/ Je, wanaosema tubadilishe mlo hawana hoja? Wanayo. Muhogo unavumilia ukame kuliko mahindi, na familia yenye shimo moja la muhogo nyuma ya nyumba haitetemeki sana Bahari Nyeusi ikifungwa. Na wanaosema tulinde mkulima? Wanayo pia. Nchi iliyoua mkulima wake haina cha kujadiliana nacho muuzaji akifunga mlango. India na Indonesia zilipofunga, zilikuwa zinalinda walaji wao. Hakuna nchi inayomwachia jirani sahani yake.

23/ Lakini sahani haibadiliki kwa hotuba. Inabadilika kwa ardhi, maji, ushuru na kinu. Maji ya mto uleule Galana, ambao ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, yalianzishiwa mradi wa umwagiliaji wa Galana Kulalu mwaka 2014. Ndoto ilikuwa ekari milioni 1. Shamba la mfano lilikuwa ekari 10,000. Unakumbuka ni akina nani walifukuzwa kaskazini ya mto huo mwaka 1914? Miaka 100 kamili. Sisemi mradi ni mbaya. Nasema katika bonde hilo swali la "tutalima nini" haliwezi kutangulia swali la "ni nani atakayelima, na kwa hati gani".

24/ Kwa hivyo kwenye mkutano ujao, msipige makofi kabla ya kuuliza. Anayesema badilisheni mlo: muhogo huo utapandwa kwenye shamba la nani, mbegu itatoka wapi, na kuna kinu karibu? Anayesema fungeni mipaka: tofauti ya bei tutalipa sisi kwa miezi mingapi, na wenzetu wakilipiza kisasi kwenye chai na mbaazi una mpango gani? Anayesema fungueni yote: meli ikikwama, ghala letu lina nafaka ya miezi mingapi?

25/ Na swali moja kwa wote watatu: siku mliyokaa kupanga ushuru wa mchele, wa ngano na wa mafuta, nani alikaa mezani kwa niaba ya anayekula? Wenye viwanda wana chama. Waagizaji wana chama. Wakulima wakubwa wana chama. Muuza mahamri wa Majengo ana karai na mkopo. Tangu 1498 pwani hii imekula cha bahari na cha shamba, na haikuwa aibu. Aibu ni kuletewa bili ya mkataba ambao hujausoma, kisha ukaambiwa kosa ni ulimi wako.

Mwisho wa uzi. Ukitofautiana nami, leta hoja, usilete matusi. Na ukikubaliana, mtumie yule rafiki yako anayesema Wapwani wanapenda wali kupita kiasi.